Aliyelia Kitale

Nyumbani kwetu Tongaren kuna hadithi inayosimuliwa kila watu wakikusanyika, iwe ni posa au shukrani baada ya mavuno, na kila ikisimuliwa ninayechekwa ni mimi. Inasema kwamba nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilipelekwa Kitale kung'olewa jino, nikapiga ukemi hadi wauza nyanya sokoni wakainuka kutazama nani anauawa. Kaka yangu naye, inaendelea hadithi, aling'olewa siku hiyo hiyo, kwenye kiti hicho hicho, bila dawa ya ganzi, na hakupepesa jicho. Nimeisikia mara nyingi mpaka naweza kuwasaidia wasimulizi wanaposahau. Imenichosha. Imenichosha kwa sababu si kweli, na kwa sababu kuna siku ilikaribia kumuua mtu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mwaka wa tohara. Kwetu vijana hutahiriwa kila baada ya miaka miwili, mwezi wa nane, na mwaka ule ilikuwa zamu ya kaka, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitano. Asiyejua mambo yetu atadhani jambo kubwa pale ni kisu. Jambo kubwa ni macho ya watu. Kijana anapakwa tope la mtoni alfajiri, anasimama uani, na wanaume wazima wanainama kumchungulia vidole vya miguu na kope za macho. Kidole kikicheza, kope ikigonga, basi. Atazeeka, atapata wajukuu, na bado kwenye pombe atakuwapo mzee mmoja wa kusema, huyu si ndiye aliyetikisika?

Kaka hakutikisika. Baba alimpa ng'ombe mtamba, na kwa wiki nzima alitembea kama mtu aliyeongezwa urefu. Sikumwonea wivu. Nilimpenda sana kaka yangu, na nililisema hilo kwa kila aliyenisikiliza pale shuleni.

Shida ni kwamba mwezi wa tisa jino langu la nyuma lilianza kuuma, na mimi sikuwa na sifa yoyote ya kulinda, kwa hiyo nilisema. Nilisema asubuhi, nikasema jioni. Mama alinipa maji ya chumvi. Nikasema tena, akanipa karafuu. Nikasema tena, akaniambia wasichana wa siku hizi wanapenda kudeka. Baba alikuwa akiniita "mama" kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na akiniita hivyo nilijua anataka utani. Aliniuliza, "Mama, inauma sana leo?" Nikajibu ndiyo, inauma sana, na yeye akacheka kwa kuwa alishalijua jibu. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kaka akiumia baba alimuuliza vingine. Yeye aliambiwa, "Haiumi, ama?" Mtu wa miaka kumi na mitano, aliyetoka kupewa mtamba, angejibu nini?

Kwa hiyo miezi miwili na nusu nilitafunia upande mmoja nikisema, na kumbe kaka naye alikuwa akitafunia upande mmoja akinyamaza. Jino lake lilikuwa limeoza kuliko langu. Tulijua hivyo asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili alipotoka nyumbani kwake, kijumba cha vijana kilichokuwa nyuma ya ghala, shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Sijasahau kilichofuata. Mama hakumuuliza lolote. Aliweka jembe chini, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akasema tunaenda Kitale saa hiyo hiyo. Kisha akanitazama akasema, na wewe kuja, si ulikuwa unasema yako pia.

Miezi miwili na nusu ya maneno yangu haikufika Kitale. Shavu lake lilifika kwa dakika tano.

Daktari wa meno alikuwa na kliniki ndogo nyuma ya soko, chumba kimoja cha kungojea na kimoja cha kazi, katikati mlango wa mbao uliokuwa haufungi vizuri. Mama alibaki nje kwenye benchi kwa sababu hakupenda kuona damu, isipokuwa ya kuku. Tuliingia wawili. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alituambia ukweli bila kuficha, kwamba dawa ya ganzi imebaki ya mtu mmoja, nyingine inakuja Alhamisi. Alisema ampe kijana, kwa sababu jino lake ni baya, na msichana arudi Alhamisi.

Kaka alisema, "Patia huyu. Mimi nilisimama mwezi wa nane, hii ni jino tu."

Daktari alibisha. Alimweleza kwamba jipu la jino si sawa na kisu, kwamba fizi iliyovimba inauma ukiigusa tu. Lakini kaka alikuwa ameshasema, na mbele ya dada yake. Mpaka leo sijui niseme ulikuwa ni upendo au upumbavu. Naona ulikuwa vyote viwili, na ndiyo maana nimeshindwa kumkasirikia kikamilifu, jambo ambalo nalo linaniudhi.

Mimi nilitangulia. Nilikuwa nimeogopa sana. Niliisikia sindano, kisha ulimi ukawa mzito, kisha kukawa na kelele ndani ya kichwa kama mtu anavunja kijiti, na jino likawa ndani ya beseni. Nilishangaa. Nilimuuliza daktari kama amemaliza. Sikulia, na sikuwa jasiri, maana hapakuwa na cha kulilia.

Kisha kaka akakaa. Alishika mikono ya kiti, akakaza macho ukutani, nikaona anafanya vile vile alivyofundishwa mtoni kabla ya tohara. Koleo liligusa fizi. Alivumilia kwa muda wa kuhesabu tatu, nne. Halafu akalia. Sauti yake ilikuwa bado haijaamua kama ni ya mtoto au ya mtu mzima, na ilipanda ikawa nyembamba, ndefu, ikiita mama. Mimi nilisimama ukutani na pamba mdomoni, na nikalia pia, kimya kimya, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu ninayempenda akiumia vile nami nisiweze kufanya kitu.

Jino lilipotoka alijifuta uso kwa mkono wa shati, akavuta pumzi mara mbili. Nikamwona akirudi kuwa mwanamume, sehemu kwa sehemu, mpaka mabega. Daktari akafungua mlango. Watu wote benchini walikuwa wanatutazama. Kaka alitoka macho makavu. Nyuma yake nikatoka mimi, machozi yakinitiririka.

Sina haja ya kuwaambia watu waliamua nini. Mzee mmoja aliniambia pole, akamwambia kaka, hivi ndivyo mwanamume anavyokaa. Nilifungua mdomo niseme si mimi, lakini ganzi ilikuwa imenishika ulimi na pamba imejaa, nikatoa sauti ya ndama. Watu wakacheka. Nilimtazama kaka. Alitazama chini.

Tulipofika nyumbani baba aliuliza habari za Kitale, na mama akajibu kabla hata hajatua kikapu. Alisema kijana alisimama, huyu mwingine ndiye aliyetuaibisha. Mimi wakati huo ulimi ulikuwa umerudi. Ningeweza kusema. Lakini nilijua maneno yatakayofuata kama nikisema. Kama jino limemshinda, je, kile kisu cha mwezi wa nane alikisimamia kweli? Baba angeutazama ule mtamba kwa jicho lingine. Na kaka alikuwa amenipa ganzi yake. Nikafikiri nina deni, na kilio cha siku moja si kitu kikubwa kumbebea.

Laiti ingekuwa siku moja! Kuanzia hapo kila nilichosema kinauma kilipunguzwa nusu kabla hakijamfikia msikilizaji. Nilipovunjika kifundo cha mguu nikicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nilitembelea mguu huo siku mbili kwa sababu "huyu tunamjua." Nilipokuwa nazaa mtoto wangu wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama alinisindikiza, na nikamsikia kwa masikio yangu akimwonya mkunga kwamba msichana wake hulia mapema, asishtuke. Mkunga hakushtuka. Alikuwa anakunywa chai mtoto alipotokeza kichwa.

Lakini kuna jambo la ajabu zaidi, na hili nalisema kwa aibu. Baada ya miaka mingi ya kuambiwa nililia, nilianza kukumbuka maumivu. Kweli kabisa. Ulimi ukipita kwenye lile pengo, nilikuwa nahisi koleo likizunguka, fizi ikipasuka. Nilipata jino jingine bovu, nikaliacha miaka mitatu kwa kuogopa uchungu ambao sikuwahi kuuona. Na kaka, aliyeuona wote, alikuwa amekaa kwenye viti vya wageni akisimulia kwamba jino lilitoka kama kung'oa karanga kwenye udongo wenye mvua. Alisimulia vizuri sana, mpaka nikaanza kuamini kwamba amesahau. Kichwa cha mtu ni karani mbovu. Anaandika kile ambacho wakubwa wanataka kusoma.

Katikati ya miaka ya tisini mimi nilikuwa Kitale nikishona sare za shule, na kaka alikuwa mwalimu Bungoma, ana mke na watoto wawili. Siku moja ya Ijumaa mke wake alinipigia kwa simu ya duka la jirani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisema, "Wifi, njoo. Anasema haiumi."

Nilifika Jumamosi kabla ya saa sita. Kaka alikuwa ameketi wima kwenye kochi, ameinamisha kichwa mbele, kitambaa kimeshikiliwa chini ya kidevu kwa ajili ya mate. Uvimbe haukuwa shavuni. Ulikuwa chini ya taya, pande zote mbili, mgumu kama mkate wa juzi, na ulimi wake ulikuwa umeinuliwa mpaka akisema alisikika kama mtu aliyejaza ugali. Mke wake aliniambia jino limemsumbua tangu Pasaka, na sasa ilikuwa mwezi wa saba. Siku mbili hakuwa amemeza kitu isipokuwa maji, na tangu asubuhi hata maji yalikuwa yanarudi. Alikuwa hawezi kulala chali kwa sababu pumzi ilikatika.

Baba na mama walikuwa wamefika kutoka Tongaren. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Baba alikuwa ameketi kando ya kaka, ametulia kabisa. Alieleza kwamba wameshapanga. Daktari wa meno yuko Jumatatu, leo kijana atakunywa dawa za maumivu, Jumatatu ataenda kwa miguu yake mwenyewe kama mtu.

Nilisema hatafika Jumatatu. Nilisema jirani ana pikapu, aombwe sasa hivi ampeleke hospitali kubwa, sababu mtu anayeshindwa kumeza mate yake haendi mbali. Nilisema nikitetemeka, na nadhani hilo ndilo lililoniharibia.

Baba hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alinitabasamia vile vile alivyonitabasamia nikiwa na miaka kumi na mmoja. "Mama," alisema, "adhabu ya kaburi aijua maiti. Mwenye jino anasema haiumi. Wewe unaumwa na jino la nani?"

Akamgeukia kaka, akamuuliza, "Haiumi, ama?"

Kaka akatikisa kichwa. Haiumi.

Nimekuwa na hasira nyingi maishani, lakini ile ya siku hiyo ilinitia giza. Baba huyu huyu, akisikia habari za mtu mwingine aliyekufa na ugonjwa wake ndani, alikuwa wa kwanza kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa mwanawe alikuwa anaumbuliwa mbele yake, na yeye alikuwa anangoja Jumatatu. Nikasema tena. Nikapaza sauti. Kadiri nilivyopaza ndivyo nilivyozidi kuwa yule mtoto wa Kitale, na nililiona hilo machoni mwao, na sikuweza kulizuia. Baba akasema kwa upole kwamba tangu utotoni mimi hukuza mambo, ati sote tunakumbuka. Mke wa kaka aliinamisha kichwa. Mama alibaki pale mlangoni mwa jikoni.

Basi nikaelewa kwamba neno langu halina thamani katika nyumba ile, na kwamba kaka anaweza kufa kwa sababu hiyo. Nilipiga magoti mbele ya kochi. Sikumlaumu, sikumkumbusha chochote. Nilimwambia tu kwamba hawaniamini, na kwamba yeye anajua kwa nini hawaniamini.

Kaka akaondoa kitambaa kidevuni.

"Baba," alisema, na mate yakamwagika. "Kitale nililia mimi. Huyu hakulia." Akapumzika, akitafuta hewa. "Na hii inauma kuliko ile."

Sijawahi kumwona baba akiinuka haraka vile. Alitoka bila kofia, na kabla hatujamvika kaka viatu tukasikia pikapu ya jirani ikiwashwa.

Hospitalini daktari alimtazama mara moja tu, akaita watu wawili. Walimkata chini ya taya usaha utoke, wakang'oa jino, wakamwekea maji ya mshipa. Baadaye daktari alituambia, bila kumtazama mtu yeyote, kwamba usiku ule usingepita, kwamba njia ya hewa ilikuwa imebaki nyembamba kama bua la mtama. Akauliza kwa nini tumechelewa hivyo. Baba akajibu kwamba kijana ni mvumilivu sana. Nilisikia fahari katika sauti yake. Walahi niliisikia.

Kesho yake, Jumapili, homa ya kaka iliposhuka, baba aliketi nje ya wodi akiwaeleza watu wa kanisa waliokuja kuombea mgonjwa. Alisimulia uvimbe, alisimulia pikapu. Alipofika kwenye lile neno la kochini, alicheka kidogo, akasema homa ilikuwa imepanda kichwani, kijana akawa anasema maneno ya ovyo, hata akajisingizia kilio cha dada yake. Watu wakaitikia. Wakanitazama kwa huruma. Nilitazama saa ya ukutani nikajiambia sitapiga kelele hospitalini.

Nilichukua beseni la kaka nikaenda kuliosha kwenye bomba, kando ya varanda. Mama akanifuata. Alichukua sabuni, akaniambia nisimchukulie baba vibaya, wanaume ndivyo walivyo. Nikamwambia sina shida na baba, baba hakuwa Kitale, baba alisimuliwa tu. Nilisema hata yeye simlaumu, alikuwa nje ya mlango, akasikia kilio, akaona machozi yangu, akakosea kama watu wote wa benchini.

Mama alisugua beseni ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Sikukosea," alisema.

Nikafikiri sikumsikia vizuri.

"Sauti ya mtoto wangu nisiijue? Aliita mama. Nilijua ni yeye kabla hamjatoka." Alizungumza polepole, bila kuinua macho. "Alikuwa ametoka kutahiriwa juzi juzi. Wangemmaliza. Wewe ulikuwa msichana. Nilisema, msichana akilia si kitu, kilio hakimpunguzii lolote."

Nilimuuliza, na jana je? Jana aliposimama mlangoni mwa jikoni, baba akisema mimi hukuza mambo, naye anajua mimi ndiye ninayesema kweli?

Mama akafungua bomba, akalifunga. Alisema alikuwa anangoja kaka aseme mwenyewe. Alisema kama angesema yeye, miaka hii yote angeonekana mwongo. Kisha akasema alikuwa amejiambia atahesabu mpaka ishirini ndipo aseme yeye, na kaka aliposema alikuwa amefika thelathini na kitu.

Hapo nililia. Si machozi ya kufuta na kanga. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, pale kwenye bomba, mpaka watu wa kanisa wakaacha kuomba. Muuguzi alitoka wodini mbio akauliza ni nani anaumwa. Mama alitangulia kujibu, akasema hakuna mtu. Nilimwambia muuguzi ni mimi.